Kisanduku cha nyundo cha kujazia risasi za Lee-Enfield yangu: uzoefu wa mwaka mmoja

Babu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma mwaka 1944, akarudi na hadithi chache sana, na katika hizo chache bunduki yake aliitaja kuliko makamanda wake. Ndiyo maana siku nilipoikuta Lee-Enfield No. 4 kwenye duka la silaha kuukuu huku Minnesota, sikubishana sana bei. Imegongwa maneno "U.S. PROPERTY", maana yake ilitengenezwa na Savage kule Massachusetts, zile walizopelekewa Waingereza wakati wa vita.

Kuinunua ni rahisi, kuilisha ndiyo kazi. Risasi mpya za .303, kipimo cha bunduki hii, ni ghali. Za zamani za jeshi, nyingi fataki zake (kile kidonge cha kwenye kitako kinachowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haitolewi na mafuta bali maji ya moto. Ukilala bila kuosha, kesho unakuta kutu. Tena maganda yake mengi yana vitundu viwili chini ya fataki badala ya kimoja cha katikati, kwa hiyo sindano ya kawaida haiing'oi fataki iliyotumika. Nikaona heri nijaze risasi mwenyewe, kwa maganda ya kiraia.

Nilianza na mashine ya mezani na kalibu, kile chuma cha kulirudishia ganda umbo lake, ya aina inayolibana ganda zima. Mara ya tatu kufyatua ganda moja, nikavuta bolti, lile komeo la bunduki, kikatoka kitako peke yake, kama kizibo cha soda. Mwili wote umebaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Mzee mmoja uwanjani, aliyezeeka na bunduki hizi, akacheka kisha akanieleza. Chemba za vita zilichongwa kwa nafasi kubwa ili risasi yenye tope nayo iingie. Ukifyatua, ganda linatanuka kujaza nafasi ile. Ukirudi nyumbani ukalibana lote, linatanuka tena, na kila mara shaba inakonda juu kidogo ya kitako mpaka inakatika. Dawa ni kubana shingo tu.

Ndipo nikanunua kisanduku hiki, kinachobana shingo peke yake, dola 40 na ushei. Kampuni siitaji kwa sababu nina malalamiko mbele, ila wenye mchezo huu watakijua: hakina mashine, kazi yote ni kugonga kwa nyundo ya plastiki. Unatoa fataki iliyotumika, unalizamisha ganda kwenye kalibu kwa kuligonga, unapachika fataki mpya, unatia baruti kwa kijiko, unasukuma kichwa cha risasi mahali pake. Risasi 20 zinanichukua kama saa moja na nusu. Polepole, lakini naipenda kazi ile, kila ganda linapita mkononi.

Na matokeo? Maganda yaleyale sasa yamefyatuliwa mara 8. Kila mara nachovya ndani waya wa klipu ya karatasi niliokunja ncha, naukwaruza ukutani kuelekea kitako. Ukinasa kwenye kifereji, ganda hilo ni la kutupa. Mpaka leo nimetupa mawili. Ganda jipya, mara ya kwanza, nalivisha oringi ya mpira mbele ya ukingo wa kitako ili likae katikati na kuegemea bolti. Hiyo nayo ni ya yule mzee.

Malalamiko sasa. Kupachika fataki kwa nyundo ni roho mkononi. Moja ililipuka mezani, paa! Ganda lilikuwa tupu na nilikuwa nimevaa miwani, nikabaki na mlio masikioni tu. Tangu siku hiyo chupa ya baruti haikai meza moja na fataki. Kijiko nacho ni cha kipimo kimoja, na karatasi yake inataja baruti chache mno. Nilinunua mizani, na vipimo navisoma kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti ninayotumia. Hapa siandiki changu, maana bunduki yako si yangu. Hakuna pia kifaa cha kupunguza shingo zikirefuka, hicho utakinunua peke yake.

Vichwa chukua vya inchi .311 au .312, usidanganywe na jina. Hiyo .303 ni upana wa mtutu kabla ya kuchongwa mifereji.

Halafu ujue risasi hizi zinaikubali bunduki moja, kwa kuwa ganda limebaki na umbo la chemba yake. Nilimpa rafiki yangu tano ajaribu kwenye Lee-Enfield yake, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada. Bolti iligoma kufunga kwa zote tano. Hakulazimisha, akanirudishia.

Nakipa nyota 4. Kama unakaa ghorofa, tafuta kingine. Mimi nagongea chini kwenye stoo, na bado mke wangu huuliza kama natwanga kisamvu.