Kalamu ikigoma: kuandika mfululizo au daftari la mfukoni?

Kuandika mfululizo kunamfaa aliyekwama mbele ya ukurasa mtupu. Tega saa dakika 10, andika bila kuinua mkono, usifute wala kurudi nyuma kusoma. Ukikosa neno, rudia la mwisho hadi jingine lije. Kinachoharibu zoezi hili ni kuhariri papo hapo: anayetunga na anayekosoa wakigombea kalamu moja, sentensi haifiki kwenye nukta. Kompyuta inashawishi kufuta, kwa hiyo karatasi ni bora. Sehemu kubwa itakuwa pumba, na ndivyo inavyotakiwa. Unatafuta mstari mmoja au miwili tu.

Daftari la mfukoni ni la mwenye shida nyingine: anaandika vizuri, ila hana la kusema. Nakili ulichokiona au kukisikia, si maoni yako. "Mzee mwenye huzuni" haitakusaidia mwezi ujao. "Mzee anahesabu sarafu mara tatu, kisha anarudisha sabuni" tayari ni mwanzo wa hadithi. Wengi hulijaza wasilifungue tena. Lisome kila wiki, uhamishie dokezo moja kwenye rasimu.

Anayetakiwa kuwasilisha kazi kesho asihangaike kununua daftari. Atege saa.