Kustrimu muziki kwenye app au kununua santuri, ipi inalipa?
Huu ubishi hauishi, na mi naona jibu linategemea unasikiliza nini.

Kwa gharama strimu inashinda bila mjadala, ukiwa na bando una mamilioni ya nyimbo, wakati hela ya santuri moja nzuri ya zamani inalipia app miezi kadhaa na bado hujanunua pleya wala sindano. Matunzo ndo usiseme, vumbi na jua ni maadui.

Ila uhakika sasa… wimbo ukiondolewa kwenye app ndo basi tena, na muziki mwingi wa bendi za Dar na Nairobi miaka ya 70 ulitoka kwenye santuri ndogo za nyimbo mbili na mwingine hadi leo haupo kwenye app, so kama wewe ni mtu wa zilipendwa app itakuangusha.

Thamani nayo inafuata ladha za watu. Santuri zilizotupwa stoo kaseti zilipoingia leo zinasakwa na wakusanyaji hadi Ulaya, na Marekani mwaka 2022 ziliuzwa nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu 1987. CD zenyewe? Bei ya karanga.

Na msanii je? App ya Spotify tangu 2024 hawalipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo chipukizi ukinunua CD yake pale kwenye shoo anakula hela siku hiyohiyo.

Bongo Fleva mpya kila wiki? Strimu tu. Unataka dansi la kina mzee, saka santuri, na kagua mikwaruzo kabla hujatoa hela.