Kabla hujanunua mchezo wa watu wawili, zima taa

Mwaka jana nilitoa shilingi laki tatu na nusu kwa mchezo wa vita wa watu wawili kutoka ng'ambo. Kasha zito kama tofali, ndani yake askari wa plastiki, vifaru, mizinga na ramani ya kukunjua. Jina silitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia: niliukagua dukani, chini ya taa nyeupe tatu.

Jioni ya kwanza tu, umeme ukakatika. Tunakaa Jinja, Uganda, mji wenye bwawa la Nalubaale linalozalisha umeme tangu 1954, lakini usiniulize. Tukawasha taa ya sola, ile yenye mwanga kama chai ya rangi, na papo hapo mezani pakabaki jeshi moja. Kijani kibichi na kijivu kilichokolea vilikuwa vimeshafunga ndoa. Baba Nasra akachukua kifaru, akakivusha mto, akaniulia askari wawili. Kifaru kilikuwa changu.

Tuligombana mpaka saa tano usiku umeme uliporudi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nami, kwa muda mrefu tu, nilikuwa nawaamrisha askari wake.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna habari za muda wa mchezo, umri wa wachezaji wala ugumu wa sheria. Hayo yameandikwa kwenye kasha, soma mwenyewe. Mimi nauliza jambo moja: gizani, changu na chako vinatofautianaje? Hilo haliandikwi popote. Nimeazima, nimenunua, nimecheza kwa wenye nayo, na kila mara nazima taa ya sebuleni.

Wa kwanza ni Hive, na sifichi mapenzi yangu. Uliundwa na John Yianni, ukatoka 2001. Hauna ubao. Kuna vigae vya pembe sita, kumi na kimoja vyako vyeupe na kumi na kimoja vyangu vyeusi, kila kimoja na mdudu wake, mnavipanga popote palipo sawa, hata mkekani. Kazi ni kumzingira malkia wa nyuki wa mwenzako pande zote sita. Siafu huzunguka ukingoni mpaka atakapo, buibui ana hatua tatu kamili, panzi huruka juu ya wenzake kwa mstari mnyoofu (Nasra humwita nsenene, na kila mara huuliza tutamkaanga lini), na mbawakawa hupanda mgongoni mwa mwingine akambana asisogee.

Sasa mlete kwenye taa ya sola. Siafu wa bluu na mbawakawa wa zambarau wote wanageuka weusi, sikatai. Lakini mdudu amechongwa ndani ya kigae. Pitisha kidole gumba, utaisikia miguu ya buibui. Baba Nasra siku hizi hafanyi haraka: anapapasa kwanza kama mtu anayechagua maparachichi sokoni, kisha ndipo anasogeza. Na ukitaka usipapase kabisa, tafuta toleo la Hive Carbon. Hilo limeacha rangi zote: mdudu mweupe juu ya kigae cheusi, mweusi juu ya cheupe, tena mbu na mdudu kibibi wamo humohumo. Hive Pocket ni dogo, linaingia kwenye mkoba na ni zuri kwa basi la Kampala, ila kwa kidole changu michongo yake ni midogo mno.

Wa pili ni Quoridor, wa Gigamic ya Ufaransa, tangu 1997. Miraba tisa kwa tisa, kila mtu anakimbiza kete yake upande wa pili huku akimwekea mwenzake kuta. Ninaupenda kwa sababu ya akili moja: ukuta ukishasimama hauna mwenyewe. Unatuzuia sote, kwa hiyo rangi yake haina kazi. Kinachohitaji kujulikana ni kete mbili tu, na hata mlevi hawezi kusahau ametokea upande gani.

Abalone nauweka wa tatu. Gololi 14 nyeusi, 14 nyeupe, unazisukuma mpaka sita za mwenzako zidondoke nje. Kwa mwanga mbaya hauna mpinzani, na kama ningekuwa mtu wa haki ungekuwa juu ya Quoridor. Lakini ni mzito, na mtoto wa jirani ana miaka miwili na anapenda gololi.

Onitama ni mtamu, tena mfupi. Lakini una nyekundu na bluu, na juu ya hapo kadi tano zenye michoro ya miraba ambazo lazima uzione zote wakati wote, za mwenzako ukiziona kichwa chini. Ucheze mchana, barazani, pasipo upepo. Na usiwe na rolex mkononi, ile chapati ya kuviringishia mayai. Mafuta na kadi havielewani.

Wa bei ya chini? Omweso, bao letu la Uganda. Mashimo 32, kokwa 64, zote rangi moja, kwa sababu kokwa ni ya aliye na shimo. Waliobuni mchezo huu walikuwa wameshakaa gizani. Au drafti ya vizibo vya soda, vyako kifudifudi, vyangu chali. Basi.

Sasa bei. Najua bidhaa nyingi za viwandani zikiingia Afrika Mashariki zinatozwa ushuru wa asilimia 25, kisha VAT ya Uganda asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kitu cha laki moja kinakuwa laki moja na elfu arobaini na saba na mia tano kabla hakijapanda gari. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni laki moja kufika laki tatu, na muuzaji kukuambia "dada, hii ni orijino" huku amekataa kufungua kasha uhesabu vigae. Kigae kimoja cha Hive kikikosekana, utakipata wapi Kampala? Hesabu kabla hujalipa. Akikataa, mwachie.

Mwezi uliopita niliingia duka moja mjini Kampala, nikaomba nione Carbon. Akanitolea, kasha wazi, heshima zote. Nikamwambia, "Kaka, nakuomba uzime taa kidogo nijaribu." Akanitazama, akautazama mkoba wangu, akakusanya vigae kimoja kimoja akavirudisha kasheni, kisha akamwita askari wa mlangoni.