Dume wa Langoni: Tathmini ya Mfugaji wa Mbwa Tabora

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mfugaji mmoja wa mbwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, nikitafuta mtoto wa German Shepherd wa kulinda nyumba. Sitamtaja jina, kwa kuwa mengi anayafanya vizuri: mabanda yamefagiliwa, maji ni safi, na kila mtoto ana kadi ya chanjo yenye saini ya daktari wa mifugo.

Langoni, chini ya mwembe, amefungwa dume mwenye kifua kipana na manyoya yanayong'aa, ambaye ndiye aliyechorwa pia kwenye bango la barabarani. Kila mteja huanzia hapo, akapiga naye picha, kisha ndipo akapelekwa kuwaona watoto. Nilipochuchumaa nyuma yake niliona korodani moja tu. Nikamuuliza mwenyewe, naye akajibu bila kusita: "Huyu hapandishwi, mwalimu. Huyu ni wa kuonekana tu."

Jibu hilo lilinifanya nimheshimu, na hapohapo likanitia shaka. Kutompandisha ni uamuzi sahihi, maana korodani iliyobaki tumboni ni kasoro inayoweza kurithiwa, tena huweza kuja kuota saratani. Tatizo ni pale alipofungwa. Mashindano ya umbo la mbwa, ambayo hayakubuniwa kwa ajili ya urembo peke yake, yamekuwa njia ya kupima mbwa wanaofaa kuzalishwa. Ndiyo maana American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, haimpokei mbwa aliyehasiwa katika madaraja yake ya kawaida ya umbo, ingawa katika mashindano ya utii, ambako kinachopimwa ni mafunzo, anapokewa. Kennel Club ya Uingereza humruhusu hata kwenye umbo, mradi iwe imejulishwa. Naafikiana zaidi na hao wa Uingereza: mbwa asiyezalishwa ana haki ya kutazamwa, ila anayemtazama aambiwe. Pale langoni hakuna jaji wala kanuni. Yupo mtu mwenye shilingi 300,000 mfukoni, anayeamini kwamba amemwona baba.

Baba halisi alikuwa uani, nyuma ya jiko. Niliomba afunguliwe akimbie kidogo, nikaona miguu ya nyuma inainuka yote miwili kwa pamoja, kama sungura, dalili inayompasa mnunuzi kuulizia nyonga. Picha ya eksirei hajawahi kupigwa. (Mama yao, niseme haki, alitembea vizuri na alikuwa mtulivu.)

Nilimshauri mfugaji aandike kwenye bango maneno mawili tu, "Si baba," akacheka, akasema wateja watakimbia. Mtoto niliyekuwa nimemchagua nilimwacha, na kianzio changu cha shilingi 50,000 alinirudishia siku ileile, bila maneno.