Dawa za rimu na tairi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache hukohuko dukani

Watu wengi wakienda kununua dawa ya rimu wanatafuta chupa iliyoandikwa kali kuliko zote, na shida inaanzia hapo, maana rimu nyingi haziharibiwi na uchafu, zinaharibiwa na kile kilichonunuliwa kuutoa. Kwa hiyo kabla sijapanga namba moja mpaka ya mwisho, kwanza ujue rimu yako imefunikwa na nini.

Kujua ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi ya metali, sugua sehemu ndogo ambayo haionekani. Kitambaa kikitoka cheusi tii hiyo ni alumini tupu, haina kinga yoyote juu. Kikibaki safi basi kuna klia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi kama ya kwenye bodi, na ukishajua hivyo itunze kama unavyotunza bodi. Kromu utaijua tu, ni kioo kabisa. Zile za mati ambazo hazing'ai usizifanyie hii testi maana polishi itaacha doa linalong'aa na halitoki tena. Alafu kuna rimu zina mchanganyiko, uso umekatwa kwa mashine unang'aa na ndani kumepigwa rangi nyeusi, hizo mara nyingi zina klia juu, ila klia ikipata mchubuko maji yanaingia chini yake na unaanza kuona vile vimstari vyeupe kama mizizi vinatambaa. Ikifika hapo hamna dawa ya kwenye chupa, ni kwenda kupigwa rangi upya.

DAWA ZA KUSAFISHA RIMU

Namba moja ni shampuu ya gari ya kawaida tu, yenye pH inayokaribia 7, yaani sio asidi wala alkali. Najua inaboa, ila ndo salama kwa kila aina ya rimu, na ukiosha mara kwa mara hutahitaji kitu kikali zaidi ya hapo kwa muda mrefu sana. Sabuni ya vyombo sio mbadala, inatoa mafuta vizuri kweli lakini na waksi yako inaila.

Namba mbili, dawa ya kutoa chembe za chuma. Hii inafanya kazi ambayo shampuu haiwezi. Lile vumbi jeusi la kwenye rimu za mbele linatoka kwenye pedi na diski za breki, ndani yake kuna chembe za chuma zinatoka zikiwa za moto, zinanasa kwenye klia, zikipata maji zinashika kutu, ndo vile vidoa vya kahawia unavyosugua mpaka mkono unauma na havitoki. Hizi dawa nyingi zina kemikali za kundi la thioglikolati, zinashika kile chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji, na zikikutana nacho zinabadilika rangi. Unapuliza, unasubiri kidogo, unaona michirizi ya zambarau inaanza kuchuruzika kuzunguka nati na kwenye kona za spoku pale vumbi linapojikusanya. Harufu yake ni ya yai viza kwa hiyo fanyia nje, vaa glavu, na usiiache ikauke juu ya rimu hata kidogo, fuata dakika zilizoandikwa kwenye lebo. Ukipuliza na hamna zambarau maana yake hamna chuma, usirudie rudie unapoteza dawa. Kila baada ya miezi michache inatosha kabisa. Tafuta ambayo lebo imesema wazi kwamba pH yake haina ukali, na kama rimu ni alumini tupu au kromu iliyoanza kubanduka jaribu kwanza sehemu ndogo.

Namba tatu ni dawa ya kutoa lami. Hii unanunua kama una vile vidoti vyeusi vinavyonata, kama huna ruka. Ina viyeyushi kwa hiyo isiguse vifuniko vya rimu vya plastiki bila kujaribu pembeni kwanza.

Namba nne, sabuni kali za kutoa grisi, zile za alkali. Kwenye rimu yenye klia nzima, ukizimua vizuri na kusuuza haraka, zinafaa. Kwenye alumini tupu au iliyowekewa ngozi ngumu kwa umeme (anodaizi) ni balaa, zinaacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Mimi hizi nazinunua kwa ajili ya tairi, nitazirudia chini.

Ya mwisho kabisa ni za asidi. Zinasafisha ndani ya sekunde na ndo maana zinapendwa na waosha magari wenye haraka, ila zinafifisha klia, zinakula alumini, na zikirukia diski zinaiacha na kutu. Ukiona kwenye lebo asidi ya haidrofloriki au amoniamu baifloraidi rudisha chupa kwenye shelfu, sio kwa sababu ya rimu tu, hiyo kitu inapenya ngozi na maumivu yanaweza kuja masaa kadhaa baadae wakati ushakaa umesahau kwamba ulimwagikiwa.

Na dawa yoyote ile, hata ya namba moja, usiipulize kwenye rimu ya moto. Inakauka kabla hujaisuuza na inaacha mapaku. Gusa kwa mkono kwanza, ikiwa imepoa ndo uanze, rimu moja moja, maliza hii ndo uende ile.

BRASHI

Hapa usibane sana. Unahitaji moja laini ya uso wa rimu, moja ndefu nyembamba ya kuingia ndani mpaka nyuma ya spoku, na moja ngumu ya tairi peke yake. Angalia ile ndefu isiwe na waya ulio wazi kwenye ncha, kuna zingine ukiisukuma tu ndani unasikia chuma kinakwaruza. Ile ya tairi isipande kwenye rimu hata siku moja, ndoo ya rimu nayo isiwe ile ya bodi maana vumbi la breki ni kama msasa. Stilwulu sahau.

KINGA

Kwa watu wengi namba moja yangu ni silanti, ile kinga ya kemikali ya kupaka ukaacha kidogo ukafuta. Inakaa miezi kadhaa, inavumilia joto kuliko waksi, na huhitaji kufungua rimu. Namba mbili ni ya seramiki, ile inayokauka ikawa tabaka gumu, inakaa zaidi, mwaka au hata zaidi, na vumbi linatoka kwa maji tu, ila ili ilipe inabidi ufungue rimu, usafishe kila kitu, utoe mafuta yote, upake, alafu uiache ikauke bila maji kwa muda wanaosema kwenye boksi. Ukiipaka juu ya uchafu umeufungia humo ndani. Na hiyo 9H wanayoandika ni kipimo cha ugumu kwa kukwaruza na penseli, haimaanishi ukipanda ukingo wa barabara rimu itapona. Gari jipya au rimu mpya ambazo bado hazijafungwa? Hapo seramiki inapanda namba moja.

Spreyi za kupuliza baada ya kuosha ni namba tatu, nzuri kuongezea juu ya silanti. Waksi ya kanauba, ile ya asili inayotoka kwenye mmea, ni ya mwisho, inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa rimu inayokaa karibu na breki haidumu. Za mati zinunulie ya kwake, nyingine zitaipa mng'ao wa mabakamabaka.

TAIRI

Ule ukahawia sio matope yote. Kwenye mpira wa tairi kuna kemikali inaitwa 6PPD, imewekwa ili tairi lisipasuke kwa hewa ya ozoni, inatoka ndani taratibu na ikifika juu inageuka kahawia. Kwa hiyo tumia ile sabuni ya alkali ukiwa umeizimua, brashi ngumu, povu litatoka rangi ya chai, suuza rudia mpaka povu libaki jeupe. Ukiiruka hatua hii hakuna dawa ya kung'arisha itakayoshika.

Kwenye dawa ya kung'arisha namba moja ni ya maji, haing'ai kupita kiasi na haikaushi mpira. Ya silikoni yenye viyeyushi vya mafuta ni namba mbili, inakaa muda mrefu ila ukiizidisha inaruka mpaka kwenye mlango. Dizeli na oili chafu havina namba, vinalainisha mpira na kuuharibu. Paka kidogo kwa sponji, sio kupuliza, subiri dakika kadhaa, futa iliyobaki, na isiguse sehemu inayokanyaga barabara wala diski. Kwenye pikipiki usipake kabisa, ukilala kona tairi linakanyaga mpaka ubavuni.