Audacity kwa anayeanza kazi ya kurekodi vitabu vya sauti

Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, na kwa fundi sauti anayeanza na msomaji mmoja, inatosha. Kinachoipa thamani ni kurekodi kwa kurudi nyuma (Shift+D): msomaji akikosea, weka kielekezi kabla ya kosa, programu inacheza sekunde tano za nyuma, kisha inaanza kurekodi juu ya kosa. Saa nyingi za kuhariri zinaokolewa hapo.

ACX, jukwaa la Audible la kutengeneza na kuuza vitabu vya sauti, hudai wastani wa sauti (RMS) kati ya -23 na -18 dB (desibeli), kilele kisichozidi -3 dB, na kelele za chumba zisizovuka -60 dB. Fuata mpangilio huu: kata kwanza masafa ya chini, sawazisha RMS iwe -20 dB, kisha weka limita (kifaa kinachozuia vilele kupita kiwango) kwenye -3.5 dB. Ukianza na limita, usawazishaji utavirudisha vilele juu.

Wengi hukwama kwenye kelele. Ukirekodi kwa RMS ya -30 na kelele za -65, kupandisha sauti kwa dB 10 kunapandisha kelele pia hadi -55, na faili inakataliwa. Kifaa cha kupunguza kelele si dawa. Ukikikaza, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji. Tundika mablanketi mazito, zima feni, sogeza maikrofoni.

Udhaifu wa Audacity? Miradi ya wasomaji wengi. Hapo Reaper, programu nyingine ya kurekodi, inaishinda waziwazi.