Mwaka wa tatu natuma sendo kwa basi kutoka Arusha: uzoefu wangu

Nauza sendo za ngozi zenye shanga. Kina mama wawili wa Mbauda ndio wanaoshona, mimi napiga picha, naziweka mtandaoni, napokea oda, nafunga, napeleka stendi. Duka sina. Wateja wengi wako Dar, wanafuata wa Mwanza na Mbeya, na wengine mmoja mmoja huko kwingine. Jozi ya kawaida nauza 25,000. Kwa bei hiyo, usafiri ukikosea kidogo tu faida yote imekwenda na basi.

Nilipoanza nilidhani adui ni umbali. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600, nikajua hapo ndipo pesa itaishia. Sivyo kabisa. Oda yangu ya kwanza ya Kigamboni ndiyo iliyonifumbua macho. Basi lilinichaji 5,000 kufikisha kifurushi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Bodaboda wa kukitoa Mbezi kukipeleka Kigamboni akataka 15,000. Nikampigia nikijaribu kumbembeleza, akanijibu kwa upole: "Dada, wewe uko Arusha, hujui foleni ya huku." Mteja alikuwa ameahidiwa usafiri bure, na mwenye kuahidi ni mimi. Nililipa. Jozi ile, ukitoa ngozi, shanga na ufundi, niliiuza kwa hasara.

Tangu siku hiyo neno "usafiri bure" nimelifuta kwenye ukurasa wangu.

Sasa kuhusu huduma yenyewe ya vifurushi vya basi, maana ndiyo ninayoitumia kuliko zote. Ukifika ofisini karani anatazama mzigo, anauinua kwa mkono mmoja, anataja bei. Ofisi ninazozitumia mimi sijaona mzani. Bei inatoka kwenye jicho la karani, na jicho linapima ukubwa, halipimi uzito. Sendo moja ndani ya boksi lake zuri la kiatu nilitajiwa 8,000. Wiki iliyofuata nikapeleka jozi kama ile, nimelaza nyayo kwa nyayo, nimeizungushia gazeti na kuifunga bapa kama kitabu. Karani yuleyule: 4,000. Sikubishana naye wala sikumwomba punguzo. Maboksi nikaacha kununua, na hapo nikaokoa hela mara mbili.

Wenzangu wengi bado wanang'ang'ania boksi, eti mteja anapenda kufungua kitu kizuri. Anapenda, sikatai. Ila muulize kama yuko tayari kulipia hiyo 4,000 ya juu. Mimi niliwauliza wateja kumi na wawili, akakubali mmoja, naye alikuwa ananunua zawadi ya harusi.

Faida kubwa ya basi ni kasi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, napeleka mzigo jioni, asubuhi uko Dar. Mteja wa Kimara anaupitia kabla ya kwenda kazini. Nikishapewa risiti naipiga picha, namtumia WhatsApp pamoja na namba ya gari na simu ya ofisi ya kule. Kazi imekwisha. Kwa bei ile sijaona kingine chenye kasi hiyo.

Lakini basi lina ubaya wake, na niliujua kwa Mwanza. Nilituma jozi nne kwa mteja mmoja, mama mwenye saluni. Gari lilipita Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, safari ndefu, na humo ndani ya buti kifurushi changu kilikuwa kimelalia gunia la parachichi zilizoiva. Au gunia ndilo lililokilalia, sijui. Zilipasuka njiani. Mafuta ya parachichi yakapita gazeti, yakapita kaki, yakaingia kwenye ngozi. Picha aliyonitumia ilionyesha soli zenye mabaka meusi na shanga nyeupe zimekuwa za kijani, na chini yake ameandika: "Mdogo wangu, nilikuagiza sendo, hizi mbona ni kachumbari?"

Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Kampuni ya basi, ambayo siitaji, ilinionyesha risiti yangu: thamani haikutajwa, mzigo umeandikwa "kifurushi" basi. Laki moja ikawa yangu kulipa. Jozi mbili kati ya zile zilirudishwa, moja naivaa mpaka leo nikienda Kilombero sokoni. Mabaka hayajawahi kutoka.

Siku hizi nafanya hivi: nailoni nzito ndani, kiroba nje, simu yangu na ya mteja kwa maka peni pande mbili, na karatasi nyingine yenye namba hizohizo ndani kabisa, kwa sababu maandishi ya nje yanafutika. Na kabla karani hajaandika, namwambia: andika "sendo jozi nne, thamani laki moja". Mara nyingine anapandisha elfu moja au mbili kwa sababu hiyo. Nalipa bila kinyongo. Kuna ofisi moja walikataa kuandika thamani; hao sijarudi kwao.

Kwa Dar nilichokuja kugundua ni kwamba sihitaji kutuma kila siku. Wateja wakiambiwa mapema kuwa mzigo wa Dar unaondoka Alhamisi jioni, wanangoja. Wapo wanaolalamika, lakini wanangoja. Nakusanya oda zote kwenye kiroba kimoja. Wiki iliyopita zilikuwa jozi 14, kiroba kizima 15,000, yaani kama elfu moja na sabini kwa jozi. Binamu yangu anakipokea Mbezi asubuhi, anapanda mwendokasi hadi Kariakoo, wateja wanamfuata kibanda cha rafiki yake. Ninampa 2,000 kwa kila jozi. Jumla haifiki 3,100, dhidi ya ile 5,000 ya zamani kabla hata bodaboda hajawasha pikipiki. Anayetaka apelekewe mlangoni anapanga na bodaboda wake mwenyewe. Yule dada wa Kigamboni, kwa mfano, siku hizi ananunua pamoja na majirani zake wawili, wanamtuma kijana mmoja Kariakoo, naye anavuka na kivuko.

Basi likishindwa, naenda Posta, ile ya mnara wa saa. Basi linafaa pale gari linapofika moja kwa moja. Mteja akiwa sehemu ambayo mzigo lazima ushushwe mji mmoja upakiwe gari jingine, unalipa mara mbili na unaomba Mungu mara mbili. EMS, yaani huduma ya haraka ya Posta, wanapima kwa mzani, bei iko kwenye karatasi, unapewa namba ya kufuatilia. Ni ghali kuliko basi kwa Dar, hilo halina ubishi, na foleni ya saa sita mchana inachosha. Lakini kwa mteja wangu wa Tunduru hesabu inakuwa nafuu. Tatizo langu pale ni anwani. Pamoja na zoezi lote la anwani za makazi la mwaka 2022, ukimwomba mteja namba ya nyumba anakujibu "ukifika kwenye mwembe uliza kwa mama Zawadi". Namwelekeza aende kuchukua posta ya kwao mwenyewe.

Nje ya nchi nimejaribu mara chache. Kampuni moja ya kimataifa ya vifurushi ilinifundisha hesabu ambayo ningependa kila muuzaji aijue. Hawaangalii mzani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 5,000, jibu ni kilo. Kisha wanalinganisha na uzito halisi na kuchaji ile iliyo kubwa. Nilipeleka jozi sita ndani ya kartoni niliyoomba duka la jirani, 60 kwa 40 kwa 40, nikajaza magazeti pembeni. Mzani ulisema kilo 5. Hesabu yao ikasema 19.2. Nilikaribia kulipia kilo 14 za hewa na magazeti ya mwezi uliopita. Nilirudi nyumbani, nikazipanga upya bila maboksi kwenye kartoni ya 35 kwa 30 kwa 25, ikawa 5.25. Sendo ni zilezile.

Na ukituma Ulaya mwambie mteja mapema kuhusu kodi. Tangu Julai 2021 ule msamaha wa VAT kwa mizigo ya chini ya euro 22 haupo tena, na Marekani nao Agosti 2025 waliondoa msamaha wao wa ushuru wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 800. Mteja wangu wa Ujerumani alidhani nimemwibia alipodaiwa asilimia 19 mlangoni.

Kama ni nyota, watu wa mabasi nawapa nne: moja nimeinyima kwa ajili ya parachichi. Posta nne pia, na iliyobaki watapata siku foleni ikipungua.

Mteja wa Pemba bado sijampatia njia. Basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, kisha chombo kingine cha kuvuka, na kila mkono unaoshika kifurushi unataka chake. Kwa hesabu ya jana usiku, usafiri unazidi bei ya sendo. Jozi yake, namba 39, nyekundu na bluu, iko hapa mezani tangu Jumatatu.